Mwongozo kamili: Namna ya kumpa rafiki albamu ya hip-hop aimalize, na namna ya kumrudishia maoni yenye uzito

Mtu anamtumia mshkaji wake albamu na maneno mawili: "Sikiliza hii, noma." Siku tatu zinapita. "Vipi, umeisikiliza?" "Kali." Ukimbana kidogo unakuta alisikia nyimbo mbili ndani ya daladala ya Kisesa hapa Mwanza, kondakta akipiga kelele, kisha akarudi kwenye ngoma zake za siku zote. Aliyetoa ananuna. Aliyepewa anajiona amebebeshwa kazi ambayo hakuiomba.

Hapo ladha haina kosa. Albamu ilichaguliwa kwa masikio ya mtoaji, na maoni yakaombwa bila mtu kusema maoni ni kitu gani. Hatua zilizo hapa chini zinafaa watu wawili hadi wanne. Mkizidi wanne, kikao kinageuka ubishi wa nani rapa bora wa muda wote, na albamu yenyewe inasahaulika.

## Mnavyohitaji

- Daftari moja kwa kila mtu, na kalamu. Simu inafaa kuandikia, ila ndiyo hiyo hiyo inayoleta ujumbe mwingine katikati ya wimbo.
- Eafoni au hedifoni zinazotoa sauti pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa umekufa, unapoteza sauti za nyuma na vyombo vilivyowekwa upande huo.
- Spika yenye besi, japo ya kuazima, kwa raundi moja tu.
- Bando. Kwa kukadiria, muziki wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula karibu MB 1 kwa dakika, na wa kilobiti 320 karibu MB 2.4. Albamu ya dakika 40 ni kama MB 40 kwa ubora wa chini na kama MB 95 kwa ubora wa juu. Video inakula mara kadhaa zaidi, na haisaidii kitu kwenye kazi hii.
- Wiki moja. Jumatatu albamu inatolewa, Jumapili mnakutana.

Pakueni kwenye programu inayolipa wasanii pale mnapoweza, na mpakue mapema mkiwa na mtandao mzuri. Ukisubiri hadi uko kwenye kivuko cha kwenda Nansio, mtandao utakatika katikati ya ziwa na albamu itakatika nao.

## Hatua ya 1: Mhoji mwenzako kabla ya kuchagua

Hatua hii inarukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu zote. Muulize maswali haya matano, uandike majibu:

1. Ngoma gani tatu huwezi kuziruka hata uzisikie mara mia?
2. Ngoma gani kila mtu anaisifia na wewe haikuingii?
3. Unasikilizia wapi: chumbani, dukani, kwenye boda, kazini?
4. Una dakika ngapi mfululizo bila kusumbuliwa?
5. Kiingereza cha mtaani cha Marekani unakishika kiasi gani?

Swali la pili lina thamani kuliko la kwanza. Mtu hujua vizuri zaidi kinachomkera. Akisema ngoma fulani inamchosha kwa sababu kiitikio kinarudi mno, umeshajua umpeleke wapi.

Swali la tatu linaokoa urafiki. Fundi simu wa Makoroboi anayefungulia muziki wateja wakisikia hawezi kupewa albamu iliyojaa matusi bila kuonywa. Mama mwenye mtoto mgongoni anasubiri kioo, na spika inatukana. Albamu nyingi za Marekani zina toleo lililosafishwa. Lenye matusi huwekewa herufi E pembeni ya jina la wimbo.

Ukifanikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja mwenzako anasikiliza nini kwanza: mdundo, sauti, hadithi, au mistari.

## Hatua ya 2: Chagua albamu moja

Moja. Ukimpa tano, umempa orodha, na orodha husikilizwa kesho isiyofika.

Angalia urefu kabla ya ubora. *Illmatic* ya Nas, ya 1994, ina nyimbo 10 na inaisha ndani ya dakika 40. *To Pimp a Butterfly* ya Kendrick Lamar, ya 2015, ina nyimbo 16 na inakaribia dakika 79. *All Eyez on Me* ya 2Pac, ya 1996, ni diski mbili zenye nyimbo 27, zaidi ya saa mbili. Mtu mwenye nusu saa jioni ukimpa hiyo ya mwisho yote kwa mpigo, umemfukuza. Mpe diski ya kwanza peke yake, ya pili ikae wiki nyingine.

Kisha angalia umbo. *Madvillainy* ya Madvillain, ya 2004, ina nyimbo 22 kwenye dakika kama 46. Nyingi ni fupi na hazina kiitikio. Kwa mpenda mistari ni karamu. Kwa mtu anayesubiri mahali pa kuimba pamoja na msanii, ni kama kupewa dagaa mbichi na kuambiwa "kula".

Kwa anayeanza, chagua albamu inayofanana na ngoma zake tatu kwa jambo moja na kutofautiana nazo kwa jambo moja. Ikifanana kwa yote, atasema "kawaida." Ikitofautiana kwa yote, hataimaliza.

Msikimbilie Marekani kila wiki. Kijana wa Mwanza anayesikiliza hip-hop bila kupita kwa Fid Q ameruka mtu wa nyumbani kwake. Na *Machozi Jasho na Damu* ya Professor Jay, ya 2001, ina wimbo "Ndio Mzee" ambao mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye mkutano wa kampeni anauelewa bila tafsiri. Kwa rafiki aliyejibu "kidogo" kwenye swali la tano, anza huku.

Onyo: usichague albamu unayoipenda kiasi kwamba akiikosoa utaumia. Hiyo isubiri mzoeane kukosoana.

## Hatua ya 3: Itume na maelezo mafupi

Ujumbe wa "noma sana" haumpi mtu sababu ya kubonyeza. Ujumbe mzuri una mambo matano: jina na toleo, urefu, kwa nini *yeye*, mahali pa kutega sikio, na onyo kama lipo. Mfano:

> Oya ngosha. Nas, *Illmatic*, 1994. Chukua toleo la kawaida la nyimbo 10, dakika 40. Nakupa hii kwa sababu ulisema unapenda rapa anayekuonyesha mtaa mpaka unauona. Ya 1 ni utangulizi, michano inaanza ya 2, kwa hiyo usiihukumu mapema. Tega sikio ya 7. Ina matusi, usifungulie dukani. Tuonane Jumapili.

Toleo lina maana. Matoleo ya nyongeza huwa na nyimbo za ziada mwishoni, na mwenzako anaweza kurudi na malalamiko kuhusu nyimbo ambazo msanii hakuziweka kwenye toleo la kwanza. Mtabishana juu ya vitu viwili tofauti bila kujua.

Usimwambie wimbo upi ni bora. Mwambie mahali pa kutega sikio, basi. Ukishasema "ya 4 ndiyo baba lao", hutajua kamwe angechagua nini mwenyewe.

## Hatua ya 4: Sikiliza raundi tatu

Sasa tunahamia kwa aliyepewa. Raundi tatu zinatosha, na kila moja ina kazi yake.

### Kabla ya kubonyeza

Zima alama ya kuchanganya nyimbo (shuffle). Hili si jambo dogo. Kwenye *To Pimp a Butterfly* kuna shairi linalosomwa vipande vipande, kila linaporudi linaongezeka mistari, mpaka mwishoni linasomwa lote. Ukichanganya nyimbo, shairi linakuwa kelele zinazojirudia. Kendrick huyo huyo alitoa *DAMN.* mwaka 2017, kisha mwaka huo huo akatoa toleo lenye nyimbo zile zile zikiwa zimepangwa kinyumenyume, ya mwisho ikawa ya kwanza. Mpangilio wenyewe ni kauli.

Kama programu yako ya bure hailindi mpangilio, tafuta nyingine, au bonyeza wimbo mmoja mmoja.

### Raundi ya kwanza: mwanzo hadi mwisho, bila kuandika

Kaa mahali pamoja. Usisome maneno, usitafute maana, usiruke. Weka sauti karibu asilimia 60 ya uwezo wa simu; masikio ni yale yale mpaka uzeeni. Na usifanye raundi hii ukiwa unaendesha boda au unavuka barabara ya Nyerere umeziba masikio.

Mwisho wa raundi, andika mambo matatu tu: wimbo uliobaki kichwani, wimbo uliokuchosha, na swali moja.

### Raundi ya pili: maneno

Hapa ndipo kazi ilipo. Kwa albamu za Kiingereza, maneno na ufafanuzi yanapatikana kwenye tovuti ya Genius, lakini ufafanuzi mwingi umeandikwa na wasomaji kama wewe, na mwingine ni wa kubahatisha. Ukiona maelezo hayaendani na mstari unaofuata, amini mstari.

Albamu nyingi za Kiswahili hazina maneno yaliyoandikwa popote. Fanya hivi: chagua vesi moja, yaani ubeti mmoja wa michano, isikilize, simamisha, andika kwa mkono. Vesi ya baa 16 (baa moja ni mapigo manne) kwenye mdundo wa mapigo 90 kwa dakika inachukua kama sekunde 43. Kuiandika kunaweza kukuchukua nusu saa, na mistari uliyodhani umeielewa itakugeuka mbele ya macho.

Ukishaiandika, pigia mstari vina. Uliyesoma ushairi darasani unajua vina vya kati na vya mwisho na unajua kuhesabu mizani. Ujuzi huo ndio unaohitajika hapa. Albamu ya Fid Q inaitwa *Vina Mwanzo Kati na Mwisho*. Jina lake pekee linakuambia pa kutazama.

Sasa angalizo ambalo watu wengi hawalipi uzito. Kiswahili kinafanya vina rahisi kuwa rahisi mno. Karibu kila neno letu linaishia kwa irabu, vitenzi vingi vinaishia *-a*, na ukibandika *-ni* kwenye nomino kama *nyumba* au *soko* umepata kina bure. Rapa anayefunga mistari minne kwa *nakuja, nasema, nalala, napita* hajafanya kazi yoyote, lugha imemfanyia. Vivyo hivyo *wangu, yangu, langu, changu*.

Kina chenye jasho kinashika silabi mbili au zaidi: *Kirumba* na *kuyumba*, *Igoma* na *sijakoma*. Na kikishika ndani ya mstari pia, siyo mwishoni tu, na maana isipindishwe ili kina kipatikane, hapo mpe mtu heshima yake. Usitumie kipimo cha Kiingereza kwa rapa wa Kiswahili. Kule maneno yanaishia kwa konsonanti za kila namna, na kina cha silabi moja kina bei nyingine.

Tazama pia pumzi. Maneno ya Kiswahili ni marefu: *nitakapokuambia* ni silabi nane kwa neno moja. Rapa anayeingiza sentensi kamili ndani ya baa bila kumeza silabi wala kuchelewa kwenye pigo, ana kazi kubwa kuliko anavyoonekana. Gonga meza mapigo manne, msikilize anaangukia wapi.

### Raundi ya tatu: mdundo

Hii ifanye kwenye spika yenye besi. Kispika cha simu hakiwezi kutoa besi ya chini kabisa. Kuna ngoma ambazo nusu ya mdundo wake haujawahi kufika masikioni mwa mtu wa simu. Mtu anasema "mdundo mwepesi", kumbe chombo chake ndicho chepesi. Upande wa pili, sabufa ya baa iliyofunguliwa besi mpaka mwisho inameza sauti ya rapa. Weka besi katikati.

Jiulize: ngoma inabadilika mahali fulani, au ni kipande kimoja kinachozunguka mpaka mwisho? Kuna sampo, yaani kipande kilichokatwa kwenye wimbo mwingine? Sauti ya rapa imekaa mbele ya mdundo au imezama? Soma majina ya watayarishaji. *Illmatic* ina DJ Premier, Pete Rock, Q-Tip, Large Professor na L.E.S., na ukishajua nani alipika wimbo upi unaanza kuwatambua kwa sikio kwenye albamu nyingine.

Raundi tatu zimefanikiwa kama: unaweza kusema ni wimbo gani ulipanda au kushuka kwako kati ya raundi ya kwanza na ya tatu. Kama hakuna uliosogea, pengine ulisikiliza huku unachati.

## Hatua ya 5: Andika maoni

Usiandike zaidi ya ukurasa mmoja wa daftari. Yaanze na namba: nyimbo utakazorudia ni ngapi, utakazoruka ni zipi. "Narudia 6 kati ya 10" inamwambia mwenzako mengi kuliko "8/10", kwa sababu hakuna anayejua 8 yako imetoka wapi. Mkitaka alama, ziandikeni mwisho kabisa. Ukianza na alama, sentensi zote zinazofuata zinaitetea.

Halafu chagua wimbo mmoja na uingie ndani. Mfano wa maoni yenye uzito, kuhusu *Illmatic*:

> Ya 7 ni barua. Anamwandikia mshkaji aliye gerezani, anampa habari za mtaa: nani kafanya nini, mtoto anafanana na nani. Niliisikia mara mbili nikidhani ni barua mwanzo mwisho. Mara ya tatu ndiyo nikaona vesi ya tatu imetoka kwenye karatasi: amekaa benchi na dogo wa miaka 12 ambaye tayari ana mambo ya watu wazima. Wa gerezani wameshaingia, huyu yuko njiani. Mdundo wa Q-Tip una mlio mdogo unaorudi kama ilimba ya Wagogo, na kwa sababu haukui wala haupandi, unakulazimisha usikilize maneno. Ya 8 imelegea ukiisikia baada ya hiyo; ningeiruka. Sikuelewa majina mengi ya watu wa vesi ya kwanza, naomba msaada.

Angalia alichofanya. Ametaja mahali. Amesema alichokosea kwanza. Ameunganisha mdundo na maneno. Amekosoa wimbo kwa sababu inayoeleweka, na ameacha swali. Hakuna neno "kali" humo ndani.

Maneno haya yafutwe au yafuatwe na "kwa sababu": kali, noma, mbovu, ya kawaida, imezidi kelele, wa zamani walikuwa bora.

Onyo: kuna wasiopenda albamu kwa sababu hawampendi msanii. Andika hilo wazi juu ya ukurasa, kisha endelea. Ukilificha litatokeza kwenye kila mstari.

## Hatua ya 6: Kikao cha Jumapili

Dakika 45 kwa albamu moja. Tafuteni mahali ambapo spika ndogo inasikika: nyuma ya nyumba, au juu kwenye mawe, Mwanza haijawahi kukosa jiwe la kukalia. Ufukweni panapendeza, lakini upepo wa mchana unakula sauti, na muziki wa baa jirani hauwapi nafasi.

Utaratibu:

1. Aliyepewa anasoma maoni yake yote. Aliyetoa hakatizi. Hii ni ngumu, na ni lazima. Akianza kuitetea albamu kwenye sentensi ya pili, wiki ijayo mwenzake ataleta sifa tupu ili amani iwepo.
2. Mnapiga wimbo mmoja ambao hamkukubaliana, wote kimya, mwanzo hadi mwisho.
3. Aliyetoa anajibu maswali, kisha anasema kama wimbo huo ameusikia tofauti safari hii.
4. Aliyepewa sasa ndiye mtoaji wa wiki inayofuata.

Mtu akisema "hujaelewa hip-hop wewe", simamisheni. Mrudisheni kwenye mstari: ni mstari upi hakuuelewa, na unasema nini?

## Yanayoharibika, na dawa yake

Hakumaliza albamu. Uliza aliishia wimbo wa ngapi. Akiishia wa pili au wa tatu, uchaguzi ulikosea. Rudi Hatua ya 1. Akiishia wa kumi na mbili, urefu ndio ulimchosha. Mpe fupi wiki ijayo.

Anapenda kila kitu. Mwombe achague nyimbo mbili za kuondoa. Akilazimika kutupa, ataanza kupima.

Hapendi chochote. Mbadilishie kazi: achague yeye albamu, wewe uandike maoni. Mara nyingi utagundua alikuwa anasikiliza kitu ambacho hukuwahi kumuuliza, labda sauti ya uimbaji, labda ngoma za kuchezea.

Ladha zenu zimekuwa moja. Baada ya albamu kama nane hivi mnaanza kupeana vitu vile vile. Wekeni sharti la wiki: albamu ya mwanamke, albamu ya kabla ya 1995, albamu kutoka Kenya, au albamu ya lugha ambayo hakuna kati yenu anayeijua, mkaisikilize kwa sauti na mapigo tu.

Bando limeisha katikati ya wiki. Msikutane kwa nusu albamu. Sogezeni kikao, au mkutane mapema kwa mwenye albamu na mfanye raundi ya tatu pamoja kwenye spika yake.

Daftari likijaa, andika kwenye jalada tarehe ya kuanza na ya kumaliza, uliweke. Baada ya mwaka chukua albamu moja uliyoiandikia vibaya, isikilize bila kusoma ulichoandika, andika upya, ndipo ufungue ukurasa wa zamani uweke kurasa mbili pamoja.